Mashine Ikilia, Meza

Siku niliyogundulika kuwa na presha niliondoka zahanati nikiwa na furaha. Nilikuwa nimemsindikiza mke wangu, Naima, aliyekuwa akilalamika kichwa, na ambaye alikiogopa sana kile kitambaa wanachokufunga mkononi na kukijaza upepo. Muuguzi wetu, Oliva, akaniambia, "Baba, tangulia wewe, mama aone kwamba hakiumi." Nikakunja mkono wa shati, nikatoa mkono kwa madaha. Namba zikatoka. Kisha akapimwa Naima, na namba zake zikawa ndogo kuliko zangu. Nikamwambia nimemshinda. Nilimwambia mbele ya benchi zima la wagonjwa, na sikuelewa kwa nini Oliva hakucheka.

Ndivyo nilivyo, na ni vizuri mkajua mapema. Jina langu ni Salmini. Hapa Makote wananiita Baba Faruku, na siku hizi wananiita Mwenyekiti, wengine kwa heshima na wengine kwa sababu mtakazozisikia. Mimi ni mkulima wa korosho. Shamba nilipewa na mjomba wangu, kaka yake mama, kwa kuwa huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Shule niliishia darasa la saba. Somo nililolimudu lilikuwa kuongea, na halikuwamo kwenye mtihani.

Kazi ninayoijua kweli ni kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Ninayo mashine ya kubeba mgongoni, ya injini, na kabla jua halijatoka, umande ukiwa bado juu ya majani na upepo haujaamka, mimi niko chini ya mikorosho naipulizia mpaka nageuka njano kichwa mpaka miguu. Mashine yenyewe ina kelele. Ikianza kulia, mtaa mzima unajua Salmini ameingia shambani, na nisiseme uongo, hilo nalipenda kuliko hata korosho zenyewe.

Basi Oliva alinikalisha siku ile akanieleza. Alisema presha haibishi hodi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka, anakula, anacheka, halafu siku moja inamwangusha. Akanipa vidonge nimeze kila siku, akaniambia nipunguze chumvi na niwaage ng'onda, wale samaki wa chumvi ambao bila wao ugali wa muhogo kwangu ni adhabu. Nikaitikia kila neno. Kwetu kumwitikia mtu ni adabu, na kufanya alichosema ni jambo jingine linaloweza kusubiri. Nyumbani nikaviweka vidonge juu ya kabati, nikisubiri kichwa kiume ndipo nimeze. Kichwa hakikuuma. Nikamwambia Naima dawa ile ni kali kweli, imeniponya kabla sijaimeza.

Kilichonitikisa kilikuja na dada yangu, Fatu. Alikuja siku moja akakaa barazani, akazungumza habari za mvua na za mbuzi, na mwisho akasema, "Kaka, Shamila anatoka Desemba hii."

Shamila ni binti yake, na mimi ndiye mjomba. Watoto wetu wa kike wakiingia unyagoni wakati wa likizo, siku ya kutoka huvishwa khanga mpya, hupakwa mafuta na kupewa mwavuli, na mjomba humbeba mwali wake mabegani, kutoka nyumba aliyofundwa hadi uwanja wa mama yake, ngoma ikilia na wanawake wakiimba. Mjomba hatumi mtu. Mjomba asiye na nguvu ya kumbeba mpwa wake, watu watauliza ana kazi gani nyingine hapa duniani. Na Shamila, Mungu ambariki, ni mrefu kama mama yake na hajawahi kuacha chakula kwenye sahani.

Miaka michache nyuma, rafiki yangu Barnaba alimdondosha mwali. Hakumdondosha vibaya, magoti tu yalikunjika, wakakaa chini wote wawili kwenye vumbi, mwali na mwavuli wake. Lakini kabla hajasimama, wanawake walikuwa wameshatunga wimbo. Wimbo huo umeimbwa kwenye kila ngoma tangu siku ile, umefika mpaka Masasi, na Barnaba hahudhurii tena sherehe yoyote yenye ngoma.

Nilipomsimulia Oliva habari ya Shamila, nikitegemea anipongeze, aliweka kalamu chini. "Baba, kwa presha hii usimbebe mtu mabegani," alisema. "Isiposhuka, nitakuja mwenyewe kumwambia dada yako." Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Kifo sikukiogopa hivyo, kwa sababu kifo ni cha watu wote. Wimbo ni wa mtu mmoja.

Muda si mrefu zahanati ikaanzisha kikundi cha wenye presha na sukari, na ikatakiwa apatikane mwanakikundi mmoja wa kwenda semina Masasi, akajifunze namna ya kuwasaidia wenzake kubadili tabia. Oliva alinichagua mimi. Alisema nina kipaji cha kuongea na sasa nina sababu. Kuhusu la kwanza hakukosea.

Semina ile niliipenda kuliko harusi yangu. Mkufunzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani, Christopher, mtu wa mbali asiyejua mkorosho. Alichora ngazi ubaoni. Akasema mtu habadiliki kwa siku moja, anapanda. Ngazi ya chini kabisa yuko mtu ambaye hata hajafikiria kubadilika. Akipanda anafikiria, kisha anajiandaa, kisha anatenda, na juu kabisa yuko yule anayedumisha. Akatutaka kila mmoja aseme yuko wapi. Watu wa Lulindi na Chiungutwa wakajiweka chini, kwa unyenyekevu. Mimi nikajiweka juu kabisa, kwenye kudumisha, na vidonge vyangu vikiwa juu ya kabati huko Makote.

Mengine pia aliyafundisha vizuri. Alisema ukimtisha mtu sana, huziba masikio. Alisema mtu hufanya jambo akiamini kwamba analiweza, na akiwa na sababu iliyo yake mwenyewe, si ya daktari. Na alisema jambo jipya husahaulika kirahisi, basi lifunge kwenye jambo la zamani ambalo mkono wako unalijua tayari, moja likifika liite jingine. Akatuuliza sisi tutafunga vidonge vyetu kwenye nini. Mama mmoja akasema kwenye chai ya asubuhi. Mwingine akasema mswaki. Mzee mmoja akasema sala. Niliwaonea huruma kwa kukosa ubunifu. Nikasimama nikasema mimi nitavifunga kwenye kupulizia salfa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo sijawahi kuikosa tangu nilipoota ndevu. Ukumbi ukapiga makofi. Christopher naye akapiga makofi, akasema huo ndio mfano hasa wa mtu kutumia kile anachokipenda. Hakuuliza salfa hupuliziwa mara ngapi, na mimi makofi yalikuwa yamenijaa masikioni.

Nikarudi Makote na fulana iliyoandikwa Badilika Sasa. Mkutano wa kwanza wa kikundi wakanifanya mwenyekiti, na nikawapa hotuba ambayo mpaka leo naiona nzuri, ndilo tatizo lake. "Jamani," niliwaambia, "nyie ni wakulima. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ukishauona umeota kwenye maua ya mkorosho, umechelewa. Salfa unapulizia maua yakiwa mazima. Sasa kwa nini mwili wako unausubiri uumwe?" Watu wakatikisa vichwa, wakaguna. Oliva alikuwepo, akasema hajawahi kusikia jambo hilo likielezwa vizuri hivyo. Wiki iliyofuata akaenda likizo ya uzazi, na kikundi akakiacha mikononi mwangu.

Kama ningeishia pale, leo ningekuwa mtu mkubwa. Lakini mfano ukishapendwa ni vigumu kuuacha ujipumzikie. Mkutano uliofuata nikaunyoosha. "Je, salfa tunapulizia kila siku?" niliwauliza. Wakajibu hapana. "Ukipulizia kila siku inakuwaje?" Wakajibu majani yanaungua. "Basi. Unapulizia, unaiacha ikae, ikifika wiki ya kurudia unapiga raundi nyingine. Na mwili nao ni mti." Hakuna aliyebisha. Ilikuwa na mantiki kama jembe lililotiwa mpini. Hata mimi nilishangaa kwamba madaktari hawakuliwaza.

Kati ya waliokuwa wakinisikiliza alikuwepo Mama Yeremia, jina lake Bibiana, mjane jirani yangu, mtu mzima aliyeolewa kuja huku kutoka upande wa Lulindi. Mwanawe Yeremia anafanya kazi Masasi. Aliinua mkono kwa heshima, mtu ambaye ningeweza kuwa mwanawe, akasema, "Mwenyekiti, mimi mashine sina, na kichwa changu kinasahau. Nitaijuaje siku ya raundi?"

Nikamjibu bila kuwaza. "Mama, yangu unaisikia. Mashine ikilia, meza."

Kikundi kikalipenda neno hilo. Likawa salamu yetu. Mtu akikutana na mwenzake njiani anasema "mashine ikilia," na mwenzake anaitikia "meza."

Basi msimu ule nilimeza dawa kwa uaminifu wa ajabu. Pakiti niliifunga kwenye mshipi wa mashine, na kila raundi, kabla sijavuta kamba ya kuwashia, kidonge kimoja kilishuka. Sikukosa raundi hata moja. Naima alijaribu. "Baba Faruku," alisema, "kwenye pakiti pameandikwa kila siku." Nikamwambia hayo wamewaandikia watu wa mjini wasio na mazoezi. Akaendelea kuchambua kisamvu chake. Dawa zetu hazikuwa zinaisha, na hilo tuliliona ni baraka. Muuguzi aliyeshika nafasi ya Oliva alimpa dawa kila aliyekuja kuchukua, na sisi hatukuwa na haja ya kuja.

Wakati huo huo nilikuwa najifua kumbeba Shamila. Nilikuwa naweka mfuko wa muhogo mkavu mabegani na kuzunguka nao nyuma ya nyumba, nikichezacheza kidogo kama anavyotakiwa mjomba. Siku moja nilimaliza mzunguko na kuona nyota mchana. Nikajisifu kwamba ndiyo dalili ya misuli kukua.

Maua yakawa mabibo, korosho zikaanza kudondoka, msimu wa salfa ukaisha. Nikaiosha mashine, nikaitundika stoo. Pakiti ya vidonge ikabaki imefungwa kwenye mshipi wake, humo humo stoo. Na mtaa ukawa kimya asubuhi.

Mama Yeremia alianguka akiwa anaokota korosho zake. Waliomkuta walisema mdomo ulikuwa umevutika upande na mkono wa kushoto hautaki kuinuka. Alichukuliwa kwa bodaboda, akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, mpaka hospitali Newala. Mimi na Naima tulikwenda kesho yake na chupa ya uji. Tulimkuta amekaa kitandani, ameshaanza kuongea, ingawa maneno yalitoka yakiburuta.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, Mwenyekiti." Alinitazama kwa upole, bila lawama yoyote. Afadhali angenilaumu. "Mashine haikulia," alisema. "Nilisubiri sana. Nikasema labda dawa imekwisha kazi yake."

Muuguzi wa wodi aliyekuwa pembeni aliuliza anamaanisha nini. Mama Yeremia akamweleza utaratibu wote, wa raundi, wa majani yanayoungua na wa mwili ambao ni mti. Aliueleza vizuri, hakuacha kitu, kama mwanafunzi anayetaka mwalimu wake asifiwe. Muuguzi akaniangalia, akaiangalia fulana yangu, maana ile ya Badilika Sasa ndiyo niliyoivaa kwenda hospitali. Nilijisikia vibaya mpaka nikatamani kuivua palepale. Nilimpenda yule mama kama mama yangu, na nilikuwa nimemwangusha kwa mdomo wangu, bila hata kumgusa. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini nyani wa wahenga hakuwa mwenyekiti.

Oliva alikuwa amesharudi kazini. Nilikwenda kwake mwenyewe, kabla hajaniita, na hilo ndilo jambo moja la mwaka huo ninaloweza kulisema bila kuona haya. Akanifunga kitambaa, akapima, akapima tena. Namba zilikuwa zimepanda.

"Dawa unameza, baba?"

"Sijakosa raundi hata moja."

"Raundi?" Nikamweleza. Alikifungua kitambaa mkononi mwangu, mtoto wake mchanga akilia chumba cha pili. Kisha akauliza, "Na wenzako?"

"Wote. Waliniamini."

Hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba salfa ya mwili inapeperuka kila siku na kila siku inatakiwa irudiwe, na kwamba Desemba imekaribia, na kwamba kama niliwapandisha watu ngazi hiyo basi nikawateremshe mwenyewe.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kukiri kwamba nilikosea. Haikuwa hiyo. Kazi ngumu ilikuwa kuaminiwa. "Kila siku?" aliniuliza Hamudi, mwanakikundi wa sukari na presha vyote viwili. "Mwenyekiti, hapana. Majani yataungua." Nikamwambia yeye si mti. "Mwili ni mti," alinijibu kwa ukali kidogo, "ulisema mwenyewe, na ulisema vizuri." Wapo walioniona nimetishwa na hospitali. Wapo walioona nimechoka uongozi. Uongo wangu nilikuwa nimeuvisha nguo nzuri, na ukweli nimekuja nao uchi, nani aukaribishe ndani?

Mama Yeremia aliporuhusiwa, Yeremia alikuja kumtunza kwa muda, kisha akalazimika kurudi kazini. Nikaenda kumweleza mama yule kama nilivyowaeleza wengine. Hakubisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akiukanda mkono wake mbovu kwa ule mzima.

"Kila siku nimekuelewa," alisema. "Lakini mimi nilizoea mashine. Isipolia, sikumbuki. Nifanyeje, Mwenyekiti?"

Kesho yake, kabla jua halijatoka, nikaishusha mashine stoo, nikaisimamisha uwanjani bila salfa ndani, nikavuta kamba. Ikalia. Mbwa wakabweka. Naima akatoka amejifunga khanga, akaniuliza napulizia nini na korosho zimeshaingia magunia. Nikamwambia napulizia watu. Nikameza kidonge changu mbele yake, nikaizima.

Nikafanya hivyo kila alfajiri. Majirani waliosumbuliwa usingizi walikuja kulalamika, na kila aliyelalamika nilimweleza sababu, na wakarudi wakinung'unika lakini wakiwa wameelewa, maana maneno hayo sasa yalikuwa mafupi. Hamudi alishikilia mti wake kwa siku kadhaa. Kisha mkewe akaniambia siku hizi mashine ikianza tu anakwenda kutafuta maji ya kumezea, ananuna, anameza. Masikio yao yalikuwa yameshafundishwa na mimi mwenyewe, kwa hiyo nilichofanya ni kuyaita tena. Ng'onda nao niliwaaga, si kwa ushujaa, Naima aliacha kuwanunua.

Siku chache kabla ya Shamila kutoka, Oliva alinipima. Alipima tena, kama kawaida yake ya kutoniamini. "Imeshuka," alisema. "Mbebe. Ila usicheze naye na usikimbie. Tembea."

Nilitembea. Nilipoinama na Shamila akanikalia mabegani, nilisema moyoni ule mfuko wa muhogo ulinidanganya sana. Alikuwa amevikwa vizuri, mwavuli juu, macho chini kama alivyofundishwa, na magoti yake yakinibana masikio. "Mjomba, unaweza?" aliniuliza kwa sauti ndogo, bila kutingisha midomo. Nikamwambia atulie. Wajomba wengine walicheza, wakazunguka, wakashangiliwa. Mimi nilikwenda hatua kwa hatua nikihema kama mtu anayepeleka kabati la watu nyumba ya kuhamia. Njia nzima niliangalia chini. Nilipoona mkeka wa Fatu mbele yangu nikajua nimefika, nikamshusha Shamila, akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Fatu alikuwa analia. Na mimi nililia, na sikujali nani anaona.

Hapo ndipo wimbo ulipoanza. Niliitambua sauti kabla sijamwona mwimbaji, kwa sababu ilikuwa inaburuta upande mmoja. Mama Yeremia alikuwa amesimama katikati ya wanawake, ameegemea fimbo, anaanzisha:

*Mjomba wa raundi, leo umefika,*
*mshushe taratibu, usingoje raundi ijayo.*

Wanawake wakaudaka palepale. Vigelegele, makofi, na ule mstari wa pili wakaurudia mpaka vumbi likatimka. Siku zote zile nilimeza dawa, nikaacha ng'onda na kuwaamsha watu usingizini ili nisitungiwe wimbo, na nikatungiwa bila kuanguka. Barnaba, ambaye alikuwa amekuja akajificha nyuma ya nyumba, alitoka akanipa mkono. Nafikiri alifurahi kupata mwenzake.

Kesho yake niliamka mwili mzima unauma. Mabega yalikuwa mazito, shingo haigeuki. Nje kulikuwa kunapambazuka. Nikaikumbuka mashine, nikasema leo hapana. Shamila ameshashuka, wimbo umeshatungwa, sherehe imeisha. Nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimepita, na niliona kwamba nimeshaimaliza kazi, kama mtu anavyomaliza msimu, anaosha vyombo vyake, anavitundika. Ngazi ya Christopher ilikuwa na kipandio kile cha juu, cha kudumisha, ambapo mimi nilijiweka siku ya kwanza kabla sijapanda hata kimoja. Nikajifunika shuka.

Ndipo nikasikia sauti uwanjani. Krrr, kisha kimya. Krrr, kisha kimya. Nilidhani ni kuku anaparura bati. Naima alikuwa amelala bado. Sauti ikaja tena, na mara hii nikaitambua. Ilikuwa kamba ya mashine inavutwa, inarudi, inavutwa, inarudi, na injini haishiki.

Nikatoka. Mama Yeremia alikuwa ameinama juu ya mashine yangu. Fimbo ameilaza chini, na kando ya fimbo ameweka kikombe chake cha maji, kwa kuwa huku kwetu juu ya mlima maji ni ya shida na hayaombwi ovyo, kila mtu anakuja na yake. Alikuwa anavuta kamba kwa mkono wa kulia. Mashine ile inataka mkono mmoja uishike na mwingine uvute, na yeye mkono wa kuishikia hakuwa nao, hivyo kila akivuta, inamfuata.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba." Hakugeuka. Alivuta tena, mashine ikaja nayo. "Korosho zimekwisha, Mwenyekiti. Wewe nawe umekwisha?"

Somo langu la kuongea nililiacha mlangoni. Nikaishika mashine, na yeye hakuiachia kamba. Akavuta kwa ule mkono wake mmoja, mimi nikiibana chini kwa yote miwili, ikashika mara ya kwanza. Ikalia mpaka mlango wa Hamudi ukafunguka. Mama Yeremia akainama akakichukua kikombe chake, akameza kidonge, kisha akanipa maji yaliyobaki.